Asta za asili bustanini: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali kuhusu asta huja kwa wingi mwezi wa Septemba, mtu akiwa ameziona zimechanua kando ya barabara au kwa jirani huku bustani yake mwenyewe imekwisha kuchoka. Kwa bahati mbaya, huo ndio mwezi ambao huna mengi ya kufanya. Asta huchanua mwishoni mwa msimu, lakini kimo chake, wingi wa maua yake na afya ya majani yake huamuliwa kati ya Aprili na Juni, wakati mmea wenyewe ni kichaka cha kijani ambacho hakuna anayekitazama mara mbili. Ukilishika hilo, nusu ya maswali yaliyo hapa chini utayajibu mwenyewe.

Tunazungumzia asta za asili za Amerika Kaskazini, hasa zile za mashariki na kati ya bara hilo: kusini mwa Kanada, New England, milima ya Appalachia, hadi nyika za katikati ya Marekani.

Asta ni ua gani hasa?

Jina lilitoka kwenye neno la Kigiriki lenye maana ya nyota. Asta ni ndugu wa alizeti, na kama ilivyo kwa alizeti, kile unachokiita ua moja ni halaiki ya maua madogo yaliyokaa kwenye kitako kimoja. Miale ya pembeni, iwe ya zambarau, buluu, waridi au nyeupe, kila mmoja ni ua la peke yake. Vidoti vya manjano vya katikati navyo ni maua, kila kimoja kikiwa na chavua na mbochi yake. Katika spishi nyingi kitovu hicho hubadilika rangi kadiri kinavyozeeka, kutoka manjano hadi wekundu wa zambarau, ndiyo maana shina moja linaweza kubeba maua yenye vitovu vya rangi mbili. Usidhani mmea unaumwa.

Mbona kibandiko kimoja kinasema Aster na kingine Symphyotrichum?

Zamani zote ziliitwa Aster. Mwaka 1994 mwanabotania Guy Nesom alizipanga upya asta za Amerika Kaskazini, na uchunguzi wa vinasaba uliofuata ukaunga mkono wazo lake kuu kwamba hizi si ndugu wa karibu wa asta za Ulaya na Asia. Leo nyingi zake ziko katika jenasi, yaani kundi la spishi za karibu, iitwayo Symphyotrichum. Nyingine zimekwenda Eurybia, Doellingeria na jenasi nyingine ndogo. Jina Aster lenyewe limebaki karibu lote ng'ambo ya bahari.

Jenasi mpya ina jina la kuuma ulimi, na wauza miche wengi wameamua kulipuuza. Unaponunua, tazama neno la pili: novae-angliae, oblongifolium, cordifolium. Hilo halikubadilika sana, ila mwisho wake tu. Aster oblongifolius ya zamani ndiyo Symphyotrichum oblongifolium ya leo.

Je, asta zote zinazouzwa ni za asili?

La. Ile iitwayo asta ya China, Callistephus chinensis, ni ua la mwaka mmoja kutoka Asia ya Mashariki, ikichanua imekwisha. Aster amellus na Aster tataricus ni za kudumu lakini kwao ni Ulaya na Asia.

Halafu kuna zile za kwenye vyungu zinazojaa madukani mwanzoni mwa Septemba, fupi, mviringo kama mpira, zimefunikwa maua. Nyingi ni machotara yenye damu ya asta ya New York, kwa hiyo nasaba si tatizo. Tatizo ni malezi. Mara nyingi zimezuiwa kurefuka kwa dawa na kubembelezwa zichanue siku ya soko. Ukiipanda na ikaponea majira ya baridi, mwaka unaofuata unaweza kushangaa kuona kitu cha kimo mara mbili ya kile ulichonunua.

Nianze na ipi?

Hapa nitasema wazi ninachopenda, nawe unaweza kukataa.

Kama una jua la kutosha na huna subira ya kuhudumia, anza na Symphyotrichum oblongifolium, asta yenye majani yanayonukia ukiyasugua. Kwao ni miteremko ya mawe na udongo wa chokaa, kwa hiyo ukame hauitishi. Haihitaji kufungwa kwenye mti, haishambuliwi sana na ubwiri unga, ule ukungu mweupe wa majani, na maua yake ya buluu-zambarau hudumu hadi Oktoba na mara nyingine Novemba. Aina ya 'October Skies' hubaki chini, kama sentimita 45 hadi 60. 'Raydon's Favorite' huenda juu zaidi kidogo. Ningekuwa na nafasi ya asta moja tu, ningechukua hii.

Watu wengi huanza na asta ya New England, Symphyotrichum novae-angliae, kwa sababu ndiyo inayoonekana kwa mbali. Ina haki ya kuonekana: mita moja hadi mbili, mashina yenye vinyweleo, maua makubwa ya zambarau iliyokolea. Lakini inataka nafasi, unyevu na mkono wa mkulima mwezi Juni. Kama bustani ni ndogo, iko 'Purple Dome', inayoishia takriban nusu mita na kujikunja yenyewe kama kuba.

Symphyotrichum laeve ndiyo asta isiyosifiwa vya kutosha. Majani yake ni laini, ya kijani chenye kivuli cha buluu, na hubaki safi wakati majani ya nyingine yanaonekana kama yamemwagiwa unga. 'Bluebird' ni aina yake iliyofanya vizuri sana katika majaribio ya bustani ya Mt. Cuba Center huko Delaware, na yeyote aliyeipanda hatashangaa kusikia hivyo.

Kwa mahali pa majimaji, Symphyotrichum puniceum. Kwa kufunika ukingo wa ukuta au mteremko mkavu, Symphyotrichum ericoides ya aina ya 'Snow Flurry', inayotambaa chini kabisa na kujaa vijiua vyeupe kama theluji. Asta ya New York, Symphyotrichum novi-belgii, nzuri ilivyo, ndiyo ningemwambia mgeni aiache hadi ajue ubwiri unga ni nini.

Bustani yangu ina kivuli cha miti. Nisahau asta?

Usisahau. Eurybia divaricata huishi porini chini ya mialoni, kwenye kivuli kikavu ambacho mimea mingi ya maua hukikimbia. Maua yake ni meupe, membamba, kwenye vishina vyeusi vinavyolegea, na hutandaa taratibu kwa mashina ya chini ya ardhi. Mwenzake ni Symphyotrichum cordifolium, mwenye majani ya umbo la moyo na wingu la maua ya buluu iliyopauka. Huyu hujipandikiza kwa mbegu kila pembe. Eurybia macrophylla nayo hufaa, ingawa thamani yake iko kwenye majani yake mapana, si kwenye maua.

Kivuli kikiwa kizito kama cha chini ya msonobari mkubwa, hata hizi hutoa majani tu.

Kwa nini huchanua mwishoni hivyo?

Kwa sababu zinahesabu usiku. Asta hutumia siku ndefu za Mei, Juni na Julai kurefusha mashina na kutoa matawi, kisha usiku unapoanza kurefuka baada ya kilele cha Juni, mmea hupokea ishara ya kutengeneza vitumba. Mvua, mbolea au maneno matamu havitaufanya uwahi.

Kutokana na hilo hutoka mambo mawili ya kutumia. La kwanza, asta iliyo chini ya taa ya barazani inayowaka usiku kucha inaweza kuchelewa kuchanua upande ulioelekea taa. La pili ni kubwa zaidi: ukiukata mmea mapema, una muda wa kujijenga upya kabla ya ishara hiyo. Ukiukata baada ya ishara, umekata maua yenyewe.

Nipande mwezi gani?

Aprili au Mei, udongo ukishapata joto kidogo na baridi kali ikiisha. Mmea wenye mizizi changa huhitaji msimu mzima kabla ya theluji.

Najua utakuwa umeipata dukani Septemba, imechanua, huwezi kuiacha. Basi ipande siku hiyohiyo, usiisubirishe kwenye chungu hadi maua yaishe. Ipasue mizizi iliyojizungusha, imwagilie hadi ardhi itakapoganda, na baada ya ardhi kuganda weka matandazo juu. Kazi ya matandazo hayo si kuupa mmea joto. Ni kuzuia ardhi isigande na kuyeyuka mara kwa mara, jambo linaloinua miche michanga na kuiacha mizizi ikining'inia hewani. Niliwahi kupanda tatu katikati ya Oktoba bila kujali hayo. Mwezi Machi nilizikuta zimelala juu ya udongo kama zilizong'olewa na kuku.

Udongo na mbolea je?

Jibu fupi: mbolea kidogo kuliko unavyodhani. Asta za jua zinataka angalau saa sita za jua na udongo usiotuamisha maji wakati wa baridi. Kwenye udongo uliolishwa samadi nyingi zitarefuka haraka, mashina yawe laini, na mvua ya kwanza ya Septemba izilaze chini zote. Mkono mmoja wa mboji kila baada ya mwaka mmoja au miwili watosha. Asta ya oblongifolium hata huo usiipe.

Maji ni jambo jingine. Mwaka wa kwanza hakikisha mmea unapata kama sentimita mbili na nusu za maji kwa wiki, iwe mvua au mpira. Baada ya hapo spishi za nyika hujitegemea, lakini asta ya New England ikikauka Julai hutoa majani ya chini moja baada ya jingine na haiyarudishi.

Asta zangu huanguka kila mwaka zikishachanua. Nifanyeje?

Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote, na jibu lake lina tarehe.

Mwishoni mwa Mei, au katika nusu ya kwanza ya Juni, mmea ukiwa na kimo cha sentimita 30 hadi 40, chukua mkasi wa bustani ukate kila shina kwa theluthi moja hadi nusu. Kata juu kidogo ya jani. Utaona vibaya, kila mtu huona vibaya mara ya kwanza. Ndani ya wiki mbili kila shina litatoa matawi mawili, matatu au zaidi chini ya jeraha, na badala ya fimbo chache ndefu zenye mzigo wa maua kileleni utapata kichaka kifupi kilichojaa. Maua yatachelewa, labda kwa wiki moja au mbili, na yatakuwa madogo kidogo, lakini mengi zaidi.

Unaweza kurudia mara moja, kwa wepesi. Mwisho wa yote ni mwanzoni mwa Julai. Mwaka mmoja nilikuwa na shughuli nyingi nikakata katikati ya Agosti, nikijiambia mmea ni mmea. Vitumba vilitoka Oktoba, vikakutana na baridi kali ya usiku mmoja, na maua niliyoyaona mwaka huo yalikuwa ya jirani. Ukiwa kaskazini sana, ambako baridi huwahi, kata mara moja tu na usivuke katikati ya Juni.

Kuna ujanja ninaoupenda zaidi: kata mashina ya mbele tu, acha ya nyuma. Ya mbele yatakuwa mafupi na yatachanua baadaye, ya nyuma marefu na ya mapema. Mmea mmoja unakupa wiki nyingi zaidi za maua, na mbele yake yenyewe inaficha miguu yake.

Kama Juni imekupita, kilichobaki ni fito na kamba. Zisimike Julai kabla mmea haujaegemea. Kufunga asta iliyokwisha kuanguka ni kama kumvalisha shati mtu aliyelala.

Majani ya chini yamekuwa ya kahawia na kukauka. Mmea unakufa?

Si lazima. Asta ndefu, hasa ya New England, huvua majani ya chini mwezi Agosti karibu kila mwaka, zaidi ikiwa imebanwa au imekosa maji. Ni aibu ya macho tu. Panda kitu cha kimo cha goti mbele yake na suala limekwisha.

Na huu unga mweupe juu ya majani?

Ni ubwiri unga, ugonjwa wa ukungu. Tofauti na magonjwa mengi ya ukungu, huu hauhitaji majani yalowe. Hustawi kwenye unyevu wa hewa, usiku wa baridi kiasi na mchana mkavu, hali ambayo Agosti na Septemba huileta bila kuombwa. Mara chache huua mmea, lakini huudhoofisha na kuuchafua.

Dawa za kunyunyizia zipo, nami sizipendekezi kwenye mmea ambao mwezi mmoja baadaye utakuwa meza ya nyuki. Fanya haya badala yake: acha sentimita 60 hadi 90 kati ya asta ndefu, mwezi Mei punguza mashina, ukibakiza yale yenye nguvu ili hewa ipite katikati, mwagilia chini ya shina, na gawanya kichaka kabla hakijazeeka. Kama bado unga unarudi kila mwaka, badilisha spishi. Oblongifolium na laeve zitakuondolea kero ambayo novi-belgii itakupa milele.

Maua yangu yametoka ya kijani, yamepindapinda. Ni aina adimu?

Natamani ingekuwa hivyo. Maua ya kijani, machipukizi membamba yaliyorundikana kama ufagio na majani ya manjano ni dalili za ugonjwa unaosababishwa na fitoplazma, viumbe wadogo mfano wa bakteria wanaoishi ndani ya mishipa ya mmea. Huletwa na mdudu mdogo afyonzaye utomvu na kuruka jani hadi jani, Macrosteles quadrilineatus. Hushambulia mamia ya spishi za mimea, karoti na letusi zikiwemo.

Hauna tiba. Ng'oa mmea mzima pamoja na mizizi, kwa sababu asta ya kudumu huhifadhi ugonjwa mwaka hadi mwaka na wadudu wataendelea kuuchota hapo. Habari njema ni kwamba hauishi kwenye udongo wala haupiti kwa mbegu, kwa hiyo unaweza kupanda tena palepale. Kabla ya kung'oa, hakikisha tu: vidoti vidogo vyeupe juu ya majani yasiyopinda mara nyingi ni alama za mdudu mwingine mwenye mbawa kama kitambaa cha lesi, ambaye hukaa upande wa chini wa jani na hana madhara makubwa.

Sungura na kulungu?

Wote wawili hula machipukizi laini ya majira ya kuchipua. Sungura huanza, kulungu humalizia. Zungushia wavu wa waya mmea mchanga hadi upate kimo cha mikono miwili. Wakila juu mwezi Mei, usilie sana, wamekukatia bure. Wakila Agosti, hapo ndipo kuna hasara. Majani yenye harufu ya oblongifolium hayawapendezi sana, ingawa kulungu mwenye njaa hachagui.

Ni kweli asta zinasaidia nyuki na vipepeo, au ni maneno ya wauza miche?

Ni kweli, na sababu yake ni tarehe.

Chukua nyuki wakubwa wenye manyoya, wa jenasi Bombus. Koloni yao hufa yote kabla ya baridi isipokuwa malkia wapya. Malkia hao hujamiiana mwishoni mwa msimu, hula mbochi kadiri wawezavyo, kisha huingia ardhini kulala peke yao hadi majira ya kuchipua. Koloni yote ya mwaka ujao iko ndani ya tumbo la mdudu mmoja mnene aliyeng'ang'ania ua la asta asubuhi ya baridi ya Oktoba. Utamkuta amelala juu ya ua, hasogei hadi jua limpashe moto. Mwache.

Kuna nyuki wapweke, mfano Andrena asteris, ambao hutoka ardhini karibu na wakati wa asta kuchanua na kuwalisha watoto wao chavua ya asta na jamaa zake wa karibu. Kwao petunia nzuri si mbadala.

Kipepeo wa Danaus plexippus, yule wa rangi ya machungwa na mistari myeusi, hupita Septemba na Oktoba akielekea milima ya Meksiko ya kati, safari ya maelfu ya kilomita. Watu wanajua kumpandia Asclepias kwa ajili ya viwavi wake, lakini anapokuwa safarini anachohitaji ni mbochi, na wakati huo asta na Solidago, ua la manjano la porini, ndizo zilizo wazi. Kipepeo mdogo Phyciodes tharos naye hutaga mayai juu ya majani ya asta zenyewe. Viwavi wake hula majani kiasi, hupitisha baridi wakiwa nusu wakubwa, na kumaliza kukua mwaka unaofuata. Ukiona majani yametobolewa, tazama kwanza kabla ya kushika dawa.

Aina za bustani zina faida sawa na zile za porini?

Mara nyingi ndiyo, mradi ua limebaki na umbo lake. Aina iliyochaguliwa kwa ufupi au rangi bado ina kitovu cha manjano chenye chakula. Zenye petali nyingi zilizoziba kitovu ni hadithi nyingine: nyuki hutua, huzunguka, huondoka. Kama unaweza kupata mbegu za porini za eneo lako, ni bora zaidi, kwani huchanua kwa kalenda ya wadudu wa hapo.

Naweza kuzipanda kwa mbegu?

Unaweza, kwa bei ya subira. Mbegu nyingi za asta huota vizuri zaidi baada ya kupitia baridi yenye unyevu: changanya na mchanga uliolowa kidogo, tia kwenye mfuko ndani ya friji kwa siku 30 hadi 60, kisha tandaza juu ya udongo na ubonyeze tu. Usizifukie, zinataka mwanga. Njia ya mvivu, ambayo ndiyo yangu, ni kuzimwaga Desemba kwenye chombo chenye matundu chini, kukiacha nje, na kuiachia theluji kazi yote.

Usitegemee mbegu za 'Purple Dome' zikupe 'Purple Dome'. Utapata watoto wa kila kimo na kila rangi. Mmoja wao huenda akakupendeza kuliko mama.

Nigawanye vichaka kila baada ya muda gani?

Asta ya New England na ya New York, kila miaka miwili hadi mitatu. Utajua wakati umefika ukiona katikati pamekuwa pagumu kama kuni na machipukizi yote yako ukingoni. Fanya hivyo Aprili, chipukizi zikiwa na urefu wa kidole: inua kichaka chote, kata vipande vya ukingoni vyenye chipukizi tatu hadi tano, vipande vya katikati tupa kwenye mboji. Spishi za msituni na laeve zinaweza kukaa miaka mingi bila kuguswa.

Zitanivamia bustani?

Baadhi zitajaribu. Mbegu zina manyoya na huruka, na cordifolium na novae-angliae hujipanda kwa ukarimu. Kama hutaki, kata vichwa vilivyochanua kabla havijawa pamba, lakini ujue umewanyima ndege. Miche isiyotakiwa hung'oka kwa vidole mwezi Mei. Spishi za kuangalia kwa makini ni zile zinazotambaa chini kwa chini, kama Symphyotrichum lanceolatum. Hiyo ipeleke ukingoni mwa shamba, si kwenye kitalu cha maua.

Zipandwe pamoja na nini?

Solidago, kwanza kabisa. Manjano na zambarau hukaa pamoja porini kila Septemba, na nyuki huonekana kuzipenda zaidi zikiwa jirani. Kisha nyasi za kuchanganya, kama Schizachyrium scoparium, ambazo hugeuka rangi ya shaba na kushikilia mashina ya asta bila kamba. Kwenye kivuli, jimbi.

Solidago na asta hazitaniletea mafua ya chavua?

Zote mbili hulaumiwa kwa kosa la mwingine. Chavua yao ni nzito, ya kunata, imetengenezwa kubebwa na wadudu. Mkosaji wa msimu huo ni Ambrosia, gugu la maua ya kijani yasiyoonekana, ambalo hurusha chavua yake kwa upepo. Linachanua wakati uleule, na kwa kuwa halionekani, lawama humwangukia anayeonekana.

Naweza kuzikata niweke ndani?

Ndiyo, ila asta ya New England hupenda kufunga petali zake jioni na hata ndani ya chumba chenye mwanga hafifu. Zile za maua madogo meupe, kama ericoides, hudumu zaidi kwenye chombo.

Nikiwa nje ya Amerika Kaskazini?

Huko si mmea wa asili tena, na swali linabadilika. Uingereza wamezilima kwa karne tatu na kuziita kwa jina la sikukuu ya Mtakatifu Mikaeli, tarehe 29 Septemba, kwa kuwa huchanua siku hizo. Lakini katika sehemu nyingi za Ulaya lanceolatum na novi-belgii zimetoroka bustanini na kujaza kingo za mito, zikibana mimea ya hapo. Tropiki kuna kikwazo kingine: karibu na ikweta urefu wa siku haubadiliki vya kutosha kuzipa msimu wao wa kurefuka, wala hakuna baridi ya kuzilaza. Kokote uliko, tafuta ua la kwenu linalochelewa kuchanua.

Nikate mashina lini baada ya maua kuisha?

Si Novemba, hata kama mikono inawasha. Chiriku na shomoro wa porini hula mbegu majira yote ya baridi, viwavi wa Phyciodes wamejificha chini ya majani makavu, na mashina yaliyosimama hunasa theluji inayofunika mizizi. Kata mwishoni mwa Machi au Aprili, ukiacha visiki vya sentimita 20 hadi 45, kwani baadhi ya nyuki wadogo huzaliana ndani ya mashina yaliyokatwa. Chipukizi mpya zitavifunika kabla ya Juni, mwezi utakaporudi tena na mkasi.